Serikali iliyoomba badala ya kutoza: jinsi Katiba ya 1787 ilivyotibu udhaifu wa Marekani ya mwanzo

Mwezi Machi 1785 makamishna wa Virginia na Maryland walikutana Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, jenerali wa vita vya uhuru, kuzungumza habari za maji. Mto Potomac unapita kati ya majimbo hayo mawili na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Chesapeake, na mambo mengi yalikuwa hayajaamuliwa: nani avue wapi, chombo kinachoingia bandarini kilipe ushuru kwa nani, minara ya taa na maboya yagharimiwe na nani. Msomaji wa Mwanza, Musoma au Bukoba anayajua maswali hayo bila kufundishwa. Anaishi kando ya ziwa ambalo nusu yake hivi ni ya Tanzania, sehemu kubwa ya nusu ya pili ni ya Uganda, na asilimia 6 tu ni ya Kenya, lakini maji na samaki ni wale wale.

Makamishna wale walielewana kwa vifungu 13. Kuna jambo moja katika makubaliano yao ambalo wasimulizi wengi hulipita: yalikuwa yanavunja sheria. Mkataba wa Shirikisho, ambao ndio uliokuwa katiba ya Marekani wakati huo, ulikataza majimbo mawili kuwekeana mkataba bila idhini ya Kongresi, yaani bunge la taifa. Hakuna aliyeomba idhini, na hakuna aliyeadhibiwa.

Virginia ikaona kwamba kama wawili wameweza kukaa, basi waitwe na wengine. Septemba 1786 ukafanyika mkutano Annapolis, wakafika wajumbe 12 tu kutoka majimbo matano. Kwa uchache ule hawakuweza kuamua chochote, ila waliandika taarifa ya kuomba mkutano mpana zaidi Philadelphia, Jumatatu ya pili ya Mei 1787. Huko ndiko Katiba ilikoandikwa. Kwa hiyo chimbuko mojawapo la Katiba hiyo ni ugomvi wa mto, uvuvi na ushuru wa bandari.

Kwa kawaida husemwa kwamba serikali ya kwanza ilikuwa dhaifu na Katiba ikaifanya imara. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayamsaidii mtu kuelewa. Kwa maandishi, Kongresi ya zamani ilikuwa na mamlaka makubwa: kutangaza vita, kufanya amani, kufunga mikataba na mataifa, kukopa, kuendesha posta, kuteua maofisa wa jeshi. Kasoro ilikuwa katika anayepokea amri. Kongresi iliagiza majimbo. Haikuwa na njia ya kumfikia mtu mmoja mmoja. Ukilishika hili, mengine yote yanafunguka.

Mkataba wa 1781 ulivyoundwa

Majimbo 13 yalikuwa yameasi utawala wa mfalme wa Uingereza kwa sababu ya kodi na amri zilizotoka mbali. Walioandika mkataba wao wa kwanza hawakutaka kuunda mfalme mwingine, na katika hilo walifanikiwa kupita kiasi. Kongresi iliipitisha rasimu tarehe 15 Novemba 1777, lakini ilianza kutumika 1 Machi 1781, kwa kuwa kila jimbo lilipaswa kutia saini na Maryland ilikataa mpaka Virginia ilipokubali kuachia madai yake ya ardhi za magharibi. Vita vilikuwa vinaendelea muda wote huo.

Kifungu cha pili kilisema wazi kwamba kila jimbo linabaki na uhuru na mamlaka yake kamili. Chombo cha taifa kilikuwa kimoja, Kongresi yenye baraza moja. Jimbo lilipeleka wajumbe wawili hadi saba, ila kura ilikuwa moja kwa jimbo. Sensa ya 1790 iliikuta Virginia ina watu karibu 748,000, watumwa wakiwamo, na Delaware watu 59,000. Chini ya mkataba ule kura zao zilikuwa sawa. Mjumbe alilipwa na jimbo lake na aliweza kurudishwa nyumbani siku yoyote. Maamuzi mazito, kama vita, mikataba na mikopo, yalihitaji majimbo tisa kati ya 13. Kuubadili mkataba wenyewe kulihitaji yote 13.

Hapakuwa na mkuu wa nchi. Aliyeitwa rais wa Kongresi alikuwa mwenyekiti wa kikao. Mahakama za kudumu za taifa hazikuwapo, isipokuwa ya rufaa kuhusu meli zilizotekwa vitani. Mwaka 1784 Kongresi ilipokwenda mapumziko iliacha kamati ya wajumbe wa majimbo iendeshe mambo. Wakagombana, wakaondoka, akidi ikakosekana, na taifa likakaa bila serikali mpaka Kongresi iliporudi.

Safari ya dola moja

Hapa panahitaji kukaa kidogo, maana fedha ndiyo iliyouangusha mkataba.

Kongresi ilianza kwa kukadiria mahitaji: riba ya mikopo ya Ufaransa na Uholanzi, malipo ya askari, ofisi chache. Majimbo tisa yakiridhia, jumla iligawanywa. Mkataba ulitaka mgawo ufuate thamani ya ardhi na majengo ya kila jimbo, lakini tathmini hiyo haikuwahi kukamilishwa, hivyo mgawo ukawa wa kukisia na kila jimbo likalalamika kwamba limebebeshwa mzigo wa mwenzake. Barua zikaenda majimboni. Bunge la jimbo likakaa, likajadili, na kama liliafiki lilitunga sheria yake lenyewe ya kodi na kutuma watoza kodi wake kwa wakati lilioutaka. Kilichopatikana kililipa kwanza wadai wa jimbo hilo. Salio, kama lilikuwapo, lilipelekwa Kongresi, na mara nyingi kwa hati za madeni ambazo mdai wa Paris asingezipokea.

Hesabu milango iliyoko katika safari hiyo. Katika kila mmoja mtu aliweza kusema "bado" au "hatulipi", na hapakuwa na hakimu, askari wala ofisa wa taifa wa kumuuliza. Lililo baya zaidi ni hesabu iliyokuwa ikipigwa na jimbo lenyewe: likilipa kikamilifu na jirani asilipe, limejipunja. Likaona heri lingoje. Jirani naye alikuwa anangoja. Kati ya 1781 na 1786 kilichopokelewa hakikufika robo ya kilichoombwa.

Fikiria kikundi cha kuweka na kukopa ambacho katiba yake inampangia kila mwanachama mchango wake, lakini haina faini kwa asiyetoa, na inasema kifungu hicho hakibadiliki mpaka wanachama wote wakubali, akiwamo yule asiyetoa. Mweka hazina wa kikundi hicho anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote na sanduku bado likabaki tupu. Robert Morris, aliyesimamia fedha za Marekani kuanzia 1781, alikuwa mfanyabiashara hodari aliyetumia hata jina lake mwenyewe kupata mikopo. Aliacha kazi 1784.

Njia ya kuchapisha noti ilikuwa imeshakufa. Wakati wa vita Kongresi ilitoa noti za zaidi ya dola milioni 200 bila kodi ya kuziunga mkono, na kufikia 1781 thamani yake ilikuwa imekwisha karibu yote. Mwaka 1785 malipo ya riba kwa Ufaransa yakasimama. Kabla ya hapo, Juni 1783, askari wapatao 400 waliodai malipo yao walilizunguka jengo la Kongresi Philadelphia. Kongresi ikaiomba Pennsylvania iite mgambo wake. Uongozi wa jimbo haukukubali. Wajumbe wa taifa lililoishinda Uingereza wakahamia Princeton. Mkono mtupu haulambwi, na ule ulikuwa mtupu mbele ya watu wote.

Kura moja ya kuzuia wote

Kasoro ilionekana mapema na dawa ilipendekezwa mara mbili. Mwaka 1781 Kongresi iliomba iruhusiwe kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka ng'ambo. Majimbo mengine yaliridhia. Rhode Island, jimbo dogo lililoishi kwa bandari zake, ikakataa Novemba 1782, na jambo likafa. Mwaka 1783 pendekezo lilirudi likiwa limelegezwa: ushuru udumu miaka 25 tu, ulipe madeni ya vita tu, na watoza ushuru wateuliwe na majimbo. Safari hii New York, iliyokuwa ikinufaika na ushuru wa bandari yake, iliweka masharti ambayo Kongresi haikuweza kuyakubali. Kufikia 1786 hilo nalo lilikuwa limekwisha.

Binafsi naona sharti la wote 13 ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko yote katika mkataba ule, kubwa hata kuliko kukosa kodi. Mkataba wenye kasoro unaoweza kurekebishwa utarekebishwa. Huu ulimpa yule anayefaidika na kasoro ufunguo wa kuizuia isiondolewe.

Biashara kati ya majimbo ilikwenda mkondo huo huo. Kongresi haikuwa na mamlaka juu yake, kwa hiyo majimbo yenye bandari yalitoza bidhaa zilizokuwa zikienda kwa majirani. New Jersey, iliyo kati ya New York na Philadelphia, ilifananishwa na pipa lililotobolewa pande zote mbili. New York ilipowatoza ushuru wachuuzi wa New Jersey waliovuka na mashua zao, New Jersey ilijibu kwa kuutoza kodi mnara wa taa wa Sandy Hook, uliokuwa kwenye ardhi ya New Jersey lakini ukiendeshwa na New York kwa ajili ya meli zake.

Nje ya nchi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mkataba wa amani na Uingereza ulitiwa saini Paris 3 Septemba 1783, na ulitakiwa uridhiwe ndani ya miezi sita. Kongresi, ikiwa Annapolis, ilihangaika majuma mengi kupata wajumbe wa majimbo tisa, ikafanikiwa 14 Januari 1784. Mkataba uliahidi kwamba wadai wa Kiingereza hawatazuiwa kudai haki yao. Majimbo kadhaa yakaendelea kuwazuia kwa sheria zao. Uingereza nayo ikapata sababu ya kubaki na ngome zake za Detroit, Niagara na Oswego kwenye Maziwa Makuu ya huko, ndani ya ardhi ya Marekani. Hispania ikawafungia Wamarekani njia ya mto Mississippi 1784. Kongresi haikuwa na jeshi la kujibu wala bei ya kutoa.

Tone lililofurisha lilitoka Massachusetts. Jimbo hilo lilikuwa likilipa madeni yake ya vita kwa kodi nzito iliyotakiwa kwa sarafu, na wakulima wa magharibi hawakuwa na sarafu. Walishtakiwa, mashamba yakapigwa mnada, wengine wakafungwa kwa madeni. Kuanzia Agosti 1786 wakaanza kufunga mahakama kwa nguvu, na tarehe 25 Januari 1787 kundi lililoongozwa na Daniel Shays, aliyekuwa ofisa katika vita vya uhuru, lilikwenda kuiteka ghala ya silaha ya Springfield. Mizinga ikafyatuliwa, wanne wakafa. Ghala ile ilikuwa mali ya taifa, lakini taifa halikuwa na fedha za kuilinda. Jeshi la jenerali Benjamin Lincoln lililowatawanya waasi lilichangiwa na matajiri wa Boston. Miezi minne baadaye mkutano wa Philadelphia ulianza.

Dawa yenyewe

Mkutano ulipata akidi 25 Mei 1787. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati tofauti kutoka majimbo 12. Rhode Island haikupeleka mtu. Washington alikuwa mwenyekiti, na mazungumzo yalikuwa ya siri. Walikuwa wametumwa kurekebisha mkataba, lakini tarehe 29 Mei Virginia ilileta mpango wa serikali mpya kabisa, uliotokana zaidi na kazi ya mjumbe wake James Madison. Majimbo madogo yakaleta mpango wao tarehe 15 Juni. Mwafaka ulipatikana 16 Julai: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti iwe na kura sawa kwa kila jimbo. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 walitia saini.

Jambo la msingi ni lile tulilolitaja mwanzo. Katiba iliacha kuyaomba majimbo, ikamfuata mtu. Patrick Henry wa Virginia, mpinzani wake mkubwa, aliliona haraka kuliko watetezi wengi: Juni 1788 aliuliza kwa nini maandishi yaanze na "Sisi watu" badala ya "Sisi majimbo". Alikuwa amegusa penyewe.

Tazama fedha. Kifungu cha kwanza, sehemu ya nane, kinaipa Kongresi mamlaka ya kutoza na kukusanya kodi. Neno "kukusanya" ndilo lenye uzito. Tarehe 4 Julai 1789 Washington, akiwa rais kwa miezi miwili, alitia saini sheria ya ushuru wa forodha. Bidhaa ambazo hazikutajwa kwa jina zilitozwa asilimia 5, ile ile iliyokataliwa mara mbili. Sheria ya 31 Julai ikagawa mwambao katika wilaya za forodha. Sasa meli ikiingia, nahodha alimpa ofisa wa taifa orodha ya shehena, mzigo ukathaminiwa, ushuru ukalipwa taslimu au ukawekewa dhamana, ndipo kibali cha kushusha kikatoka. Anayeficha mzigo alinyang'anywa kwa amri ya mahakama ya taifa. Mwaka 1790 zikaidhinishwa boti 10 za doria dhidi ya magendo. Katika safari yote hii gavana hayumo, bunge la jimbo halimo. Ile milango ya kusema "bado" imeondolewa.

Mwaka huo huo wa 1790, kwa mpango wa Alexander Hamilton, waziri wa fedha, taifa lilichukua sehemu kubwa ya madeni ya vita ya majimbo. Ukiunganisha hili na habari ya Massachusetts utaona maana yake: jimbo lililopunguziwa deni halikuhitaji tena kumkamua mkulima sarafu asizokuwa nazo.

Kwenye biashara Katiba ilifanya mambo mawili. Iliipa Kongresi usimamizi wa biashara na mataifa ya nje na kati ya majimbo, kisha ikayafunga majimbo mikono: yasitoze ushuru wa bidhaa zinazoingia au kutoka bila ridhaa ya Kongresi, yasichapishe noti, yasitunge sheria za kuvunja mikataba ya watu. Liko pia sharti dogo ambalo mtu wa bandarini atalipenda, kwamba hakuna bandari ya jimbo itakayopendelewa, na chombo kinachokwenda jimbo moja hakitalazimishwa kutua au kulipa ushuru katika jimbo jingine. Minara ya taa nayo iliwekwa chini ya taifa kwa sheria ya 7 Agosti 1789, na Sandy Hook ukawa miongoni mwake.

Mahakama zilifuata. Katiba, sheria za taifa na mikataba yake vilitangazwa kuwa sheria kuu ya nchi, na majaji wa kila jimbo wakafungwa kuvifuata hata kama sheria ya jimbo lao inasema vingine. Sheria ya 24 Septemba 1789 ikaunda mahakama za taifa za ngazi za chini ili neno hilo lipate mtekelezaji. Matokeo yalionekana 1796, katika kesi ya Ware dhidi ya Hylton: Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkataba wa amani wa 1783 unaishinda sheria ya Virginia iliyowakinga wadaiwa dhidi ya wadai wa Kiingereza. Hapakuhitajika barua ya kumbembeleza gavana; mdai alimshtaki mdaiwa wake, basi. Mwaka huo huo wa 1796 Waingereza walikabidhi ngome za Maziwa Makuu, kufuatia mkataba uliojadiliwa na John Jay 1794. Hispania ilikuwa imeifungua Mississippi kwa mkataba wa 1795.

Kwa upande wa utendaji kukawa na rais wa miaka minne, mwenye uwezo wa kurudisha muswada, na mabaraza yote mawili yakaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Nguvu ya utendaji huu mpya ilipimwa magharibi mwa Pennsylvania 1794, wakulima walipoipinga kwa silaha kodi ya pombe kali. Sheria ilitaka jaji athibitishe kwanza kwamba mahakama zimezidiwa. James Wilson wa Mahakama ya Juu akathibitisha. Wakaitwa mgambo karibu 13,000 wa majimbo manne, na uasi ukayeyuka kabla ya mapambano. Wawili waliopatikana na hatia ya uhaini walisamehewa na Washington. Linganisha na Springfield miaka saba nyuma, pale wafanyabiashara walipopitisha kofia ili jeshi lipate kula.

Sharti la wote 13 nalo liliondolewa, na lilianza kuondolewa hata kabla Katiba haijaanza kazi. Kifungu cha saba kilisema majimbo tisa yakiridhia inatosha baina yao. Tena walioridhia walikuwa mikutano maalumu iliyochaguliwa na wananchi, na mabunge ya majimbo yakawekwa kando. Delaware ilitangulia 7 Desemba 1787, New Hampshire ikawa ya tisa 21 Juni 1788. Rhode Island ilijiunga 29 Mei 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32, baada ya Seneti kupitisha muswada wa kuikatia biashara. Kwa marekebisho ya baadaye Katiba ilitaka theluthi mbili ya kila baraza na robo tatu ya majimbo. Ni kizingiti kirefu, lakini kinarukika.

Umoja Mwanza, Uhuru Kisumu

Tofauti kati ya kuagiza majimbo na kumfikia mtu inaonekana vizuri kutoka ufukwe wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliendesha mambo makubwa: reli, bandari, ndege, posta, na meli za ziwani kama MV Victoria, MV Umoja na MV Uhuru. Chombo chake cha juu kilikuwa marais watatu, na uamuzi ulihitaji wakubaliane. Baada ya mapinduzi ya Uganda ya 1971 hawakukaa tena pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 mapato ya reli yaliyokusanywa katika kila nchi yakawa hayapelekwi makao makuu kama ilivyotakiwa. Jumuiya haikuwa na mtoza fedha wake ndani ya nchi hizo, wala mahakama ya kumshika aliyezizuia, na 1977 ikavunjika. Victoria na Umoja zikawa za Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mgawanyo wa mali haukukamilika mpaka mapatano ya 1984.

Mkataba wa sasa, uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000, umejifunza mengi. Una bunge, una Mahakama ya Afrika Mashariki, na ndani ya mambo ya Jumuiya sheria zake zina nguvu kuliko za nchi. Hata hivyo wakuu wa nchi bado huamua kwa maafikiano ya wote, na bajeti ya Jumuiya imetegemea michango ya nchi wanachama, ambayo kuchelewa kwake ni habari ya kila mwaka. Robert Morris wa 1781 angeyatambua mazingira hayo.

Uvuvi ni hivyo pia. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao yake Jinja, linaweza kuzikutanisha nchi tatu zikapatana juu ya nyavu na ukubwa wa samaki. Lakini mwenye kokoro atakamatwa na boti ya nchi yake, kwa kanuni za nchi yake, mbele ya hakimu wa nchi yake. Nchi moja ikilegea msimu mmoja, nyingine zinaona zinajipunja, na hesabu ile ya majimbo yaliyongojeana inaanza upya kwenye mialo. Sisemi kwamba nchi zetu lazima ziwe shirikisho; hilo ni la wananchi kuamua na lina gharama zake. Nasema anayetaka kujua kwa nini azimio zuri la ziwani hulegea likifika mwaloni aangalie linamfikia nani moja kwa moja.

Ambayo Katiba haikutibu, na ambayo iliyaongeza

Gharama ya mwafaka wa Philadelphia ililipwa na watu ambao hawakuwamo chumbani. Katika watu milioni 3.9 waliohesabiwa 1790, karibu 700,000 walikuwa watumwa. Katiba iliwahesabu kwa sehemu tatu kati ya tano katika kugawa viti, hivyo wamiliki wao wakapata wabunge zaidi kwa vichwa vya watu wasiokuwa na kura. Ilizuia Kongresi kukomesha uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na ikaamuru mtumwa aliyetoroka arudishwe. Zingatia kwamba ile nguvu mpya ya kumfikia mtu mmoja mmoja ilimfikia na mtoro. Utumwa haukufutwa mpaka marekebisho ya 13, mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne vilivyoua mamia ya maelfu.

Pengo jingine lilizibwa mapema. Serikali inayomgusa mtu inaweza pia kumwonea, na rasimu ya 1787 haikuwa na orodha ya haki. George Mason, mjumbe wa Virginia, alikataa kutia saini, na hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Majimbo kadhaa yaliridhia yakidai nyongeza, na marekebisho 10 yakakamilika 15 Desemba 1791. Kura sawa za Seneti, kwa upande mwingine, zilifungwa kwa kufuli lisilo na kifani: jimbo haliwezi kunyimwa bila ridhaa yake lenyewe. Huo ni mzizi wa mkataba wa 1781 uliobaki ardhini mpaka leo.

Na mto Potomac? Makubaliano ya Mount Vernon yaliendelea kuishi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji upande wa Virginia ilitaka kusogeza bomba lake la kuvuta maji mbali zaidi ndani ya mto, ambao sakafu yake ni ya Maryland, na Maryland ikakataa kutoa kibali. Virginia haikuutoza kodi mnara wa taa wa jirani yake. Ilifungua kesi katika Mahakama ya Juu, ambako majaji waliyasoma upya maandishi ya 1785, na Desemba 2003, kwa kura saba dhidi ya mbili, wakaamua kwamba Virginia inaweza kujenga na kuchota bila kibali cha Maryland.